"Hapa hatuna utaratibu huo": nilimjibu nesi kwa uhakika, sasa nashindwa kumtazama usoni

Shikamoo Mama,

Naomba usitaje jina langu wala la kituo. Nafanya kazi kwenye kituo cha afya cha mtu binafsi hapa Dar es Salaam, upande wa Temeke. Tuko 17 pamoja na mlinzi. Niliingia mwaka 2014 kama dada wa mapokezi, nina cheti cha kidato cha nne na kozi ya kompyuta ya miezi mitatu. Taratibu nikaanza kupanga ratiba ya zamu, kisha kupeleka michango ya NSSF, kisha kuandika mikataba. Leo kwenye mlango wa kichumba changu pamebandikwa karatasi imeandikwa "Utawala". Hakuna aliyenifundisha utawala, nilijikuta tu.

Basi kila mwenye swali anakuja kwangu. Dada, nikifiwa na bibi napewa siku ngapi? Dada, Idi nimeshinda kazini, inalipwaje? Dada, ofu yangu imeliwa, nani ananirudishia? Kitabu cha sera kipo, kurasa kumi na moja, kinakaa kwenye kabati la Dokta, mwenye kituo, na nimekisoma mara moja. Ninajibu kwa kichwa. Nakumbuka fulani tulimfanyiaje mwaka ule, ndiyo inakuwa sera. Na sitadanganya, nilikuwa najisikia vizuri. Mtu anaingia ana wasiwasi, anatoka ana jibu.

Mwanzoni mwa mwaka huu nesi mmoja, nitamwita S, alirudi kutoka likizo ya uzazi. Alimaliza siku zake 84, lakini alikuwa ameanza wiki mbili kabla ya kujifungua, kwa hiyo mtoto alikuwa na wiki kumi tu. Wiki ya kwanza nilimkuta stoo, amekaa juu ya boksi la dripu, anakamua maziwa kwenye kikombe huku mlango ameuegemea kwa mgongo usifunguke. Ukutani juu ya kichwa chake kulikuwa na lile bango la kliniki ya mama na mtoto, la kuhimiza maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Bango lile yeye ndiye anayelifundishia kina mama kila Jumatano.

Siku ile ile alikuja kwangu akauliza kama kuna uwezekano wa kutoka saa moja mapema akamnyonyeshe mwanawe, anakaa Mtoni, si mbali. Nikamjibu bila hata kunyanyua kichwa kwenye kompyuta: "Hapa hatuna utaratibu huo." Akasema "sawa Dada", akarudi chumba cha sindano. Hakuuliza tena. Mtoto alipofikisha miezi minne maziwa yakakata, sasa ananunua ya kopo.

Miezi miwili iliyopita alikuja afisa kazi kukagua. Tulikaa naye mimi na Dokta peke yetu. Akauliza tangazo la haki za wafanyakazi limebandikwa wapi. Nikamwonyesha ukutani, kumbe namwonyesha bango la kifua kikuu. Akacheka kidogo. Halafu akapitia mambo mengi, na katikati akasema mama anayenyonyesha anaruhusiwa na sheria hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi. Alisema kama mtu anayetaja bei ya sukari. Mimi miguu iliniisha nguvu. Akatuachia karatasi ya maelekezo na kusema atarudi.

Alipoondoka Dokta akafunga mlango, akaniambia: "Mambo ya huyu usiyatangaze. Mtu akiuliza, mwambie kama kawaida." Karatasi akaiweka kabatini. Jumatatu S akanikuta kwenye kaunta, akauliza, "Dada, hivi yule afisa alisema nini?" Nikamwambia ni mambo ya leseni tu.

Mama, huo ndio uongo unaonikosesha usingizi. Nilivyomjibu mara ya kwanza ulikuwa ujinga, sikujua. Mara hii nilijua.

Dokta si mtu mbaya. Mama yangu alipougua alimlaza siku tisa na hakunidai hata senti. Aliniamini nikiwa sina lolote. Nikisema, ni kama nimemgeuka. Nisiposema, kila nikimwona S na mkoba wake namwona yule mtoto. Na maswali hayajakoma, sasa hivi hata yale mepesi yananitetemesha. Mtu wa maabara aliangusha mashine ya kupima wingi wa damu, akakatwa nusu ya mshahara mwezi uleule, akaniuliza kama ni halali, nikasema nitaangalia. Mama wa usafi aliniuliza akichomwa sindano gharama za nani, nikamwambia awe makini tu asichomwe. Mimi mwenyewe sijaenda likizo tangu mwaka juzi, nikiondoka nani atakaa pale?

Nifanyeje? Nimwambie S? Niache kazi? Au nikae kimya, muda upite?

Dada wa Utawala, Temeke

JIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu. Nimepigia mstari neno moja ambalo naona wewe umelipita: "nilijikuta". Mambo mengi ya hapo kazini kwenu yanatoka kwenye neno hilo. Ulijikuta mwenye ofisi, ukajikuta unajibu, jibu lako likajikuta sera. Nami nimewahi kukaa kwenye kiti hicho. Nilikuwa katibu wa afya kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na kuna dereva wa gari la wagonjwa aliniuliza jambo la siku zake za mapumziko nikiwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai. Nilimjibu hukohuko mlangoni. Yeye akaenda nalo nyumbani, akapangia nalo safari ya kumpeleka mtoto shule ya bweni, kumbe nimemwambia kitu kisichokuwepo. Mimi nilishasahau kama aliuliza.

Niseme ninavyolielewa tatizo lako, unisahihishe nikikosea. Umebeba vitu viwili na unavipima kama kimoja. Cha kwanza ni jibu ulilompa S bila kujua. Cha pili ni jibu ulilompa ukijua. Cha kwanza kinakupa uchungu, cha pili kinakupa aibu, na aibu ndiyo inakufanya uone milango yote imefungwa isipokuwa kuacha kazi au kunyamaza. Nadhani ipo zaidi ya miwili. Lakini kwanza niruhusu nikuulize maswali machache, maana kuna mambo umeyaandika kama yamethibitika na mimi sina hakika nayo.

Dokta alisema "usiyatangaze". Wewe ulisikia "danganya". Inawezekana ndivyo alivyokusudia, na wewe unamjua kuliko mimi. Inawezekana pia alikuwa mtu aliyeshikwa na haya mbele ya msaidizi wake, na akili yake ikakimbilia zamu: nesi mmoja akitoka kwa saa mbili, nani anashika chumba cha sindano, na wengine nao wakiuliza je? Daktari anayeendesha kituo kidogo mara nyingi sheria ya kazi anaijua kama wewe ulivyoijua, kwa kusikia. Katika barua yako yote sijaona mahali ulipokaa naye ukamuuliza, "Dokta, hili la S tunalifanyaje?" Umemwogopea jibu ambalo hajalitoa. Huenda atalitoa hilohilo unaloliogopa. Lakini kwa sasa unamlinda mtu na kumhukumu wakati huohuo, na yeye hajui kama kuna lolote kati ya hayo.

Halafu hili la kumgeuka. Siku tisa za mama yako wodini ni wema mkubwa na hakuna anayekuomba uusahau. Ila jiulize ni nani anaulipa wema huo kwa sasa. Ulipomwambia S "mambo ya leseni tu", deni lilikuwa lako, aliyelilipa ni yeye. Sisemi hivyo nikuumize. Nasema kwa sababu naona umeweka shukrani yako kwa Dokta na haki ya S kwenye mizani moja, wakati Dokta mwenyewe hajawahi kukuomba uziweke hapo. Isitoshe, yule afisa atarudi. Akirudi akakuta tangazo halipo na karatasi yake iko kabatini, atakayekuwa pabaya ni Dokta. Kumkumbusha mapema si kumgeuka.

Sasa tuyaangalie mambo yenyewe, kwa sababu hofu yako nyingine inatokana na kutojua umekosea wapi na wapi hukukosea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kiwango cha chini. Kitabu chenu cha kurasa kumi na moja kinaweza kutoa zaidi ya hapo, hakiwezi kutoa pungufu. Ndiyo maana "hapa hatuna utaratibu huo" haliwezi kuwa jibu la swali la S: utaratibu upo, hata kama kituo hakijauandika. Zile saa mbili ni ukomo wa juu kwa siku, na namna ya kuzitumia mnaweza kukaa mkaelewana, iwe kutoka mapema, iwe mara mbili katikati ya zamu, iwe dada wa nyumbani kumleta mtoto getini. Kwa mtu anayekaa Mtoni, hesabu hiyo haikuwa ngumu hata kidogo.

Wa kufiwa na bibi: si chini ya siku nne zenye malipo, na bibi ametajwa kwenye sheria kwa cheo chake. Mtu wa maabara: mwajiri hakati fidia ya kifaa kwa sababu tu kimeanguka. Lazima iwe kweli ni kosa la mfanyakazi, aandikiwe sababu, kiasi na kilivyopatikana, apewe nafasi ya kupinga, akubali kwa maandishi, na makato hayo yasizidi robo ya mshahara wake. Nusu kwa mkupuo mmoja, hapana. Na lile tangazo la haki alilouliza afisa ni lazima libandikwe mahali watu wanapoliona. Hiyo nayo ni sheria.

Niingie kwenye S, maana ndiye aliyekufanya uandike.

Unaweza kumwita pembeni ukamwambia yote. Si kwenye kaunta, na si chumba cha sindano huku wagonjwa wamekaa benchi. Umwambie, "Nilikujibu vibaya, halafu ulipouliza tena sikukwambia kweli." Faida yake ni kwamba utalala. Hatari zake uzijue: anaweza kukasirika kuliko unavyotegemea, na ana haki. Anaweza kuwaambia wenzake kabla ya saa sita mchana. Anaweza kwenda kwa afisa kazi au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi, na Dokta akajua maneno yametoka wapi. Sheria haihesabu kuwa ni sababu halali kumfukuza mtu kwa kutoa taarifa aliyo na haki ya kuitoa, na anayeona ameachishwa kwa uonevu ana siku 30 za kupeleka shauri lake kwenye Tume. Lakini mimi na wewe tunajua vituo vidogo vilivyo. Mtu anaweza asifukuzwe, akanuniwa mwaka mzima mpaka aondoke mwenyewe.

Unaweza kuanza kwa Dokta. Ingia na kitu mkononi, usiingie na machozi. Ingekuwa mimi ningeingia na ratiba ya zamu ya mwezi ujao, nimeichora kwa penseli ikionyesha mama anayenyonyesha anavyotoka na nani anashika nafasi. Mwenye kituo akiona hesabu anasikiliza tofauti na anaposikia lawama. Hatari ya njia hii ni muda. "Tutaliangalia" ya Dokta inaweza kuchukua miezi mitatu, na kila wiki inayopita uongo wako kwa S unazidi kukomaa. Ukiichagua, jiwekee siku, uiandike mahali.

Na kuna njia ambayo nahisi itakuvutia zaidi, ndiyo maana nataka uichunguze: kulibandika tu lile tangazo. Ukuta utasema, wewe utakuwa hujasema. Ni jambo linalotakiwa kisheria, Dokta hatakuwa na la kujibu mbele ya afisa, na wafanyakazi wote 17 watajua kwa pamoja. Nalipenda. Ila ukuta hauombi radhi, na S akilisoma huku akikumbuka "mambo ya leseni tu", ataelewa peke yake, na wewe hutakuwepo kumweleza.

Kuacha kazi sijakuandikia mengi, kwa sababu sioni unachotaka kukiacha. Unaandika juu ya watu wale kama mtu anayewapenda. Nikikosea, niambie.

Kuhusu maziwa ya kopo na maziwa yaliyokata, hapo sina dawa, na tafadhali usijaribu kumpooza S kwa kumwambia mtoto atakua tu. Atakua, ndiyo. Lakini nesi anayefundisha kina mama kila Jumatano anajua hasa alichokosa, hahitaji kufafanuliwa. Kama kituo kinaweza kumsaidia kwenye gharama ya kopo hizo, hilo ni jambo la kumpelekea Dokta. Uwe tayari akatae. Na uwe tayari S naye asitake.

Sasa kuna swali moja kwenye barua yako ulilolipa mstari mmoja na kuliacha. Nimekuwa mpole mpaka hapa, hapa naomba unisikilize vizuri. Mama wa usafi alikuuliza akichomwa sindano. Ulimjibu awe makini.

Mwanangu, hilo si swali la sera la kungoja Dokta afungue kabati. Huyo ndiye anayebeba masanduku ya sindano zilizotumika, na pengine ndiye pekee hapo kituoni ambaye hakusomea hatari yake. Mtu akichomwa, anatakiwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni bila kulikamua, aseme hapohapo, na kama inahitajika aanze dawa za kuzuia maambukizi ya VVU haraka iwezekanavyo, saa za mwanzo kabisa. Baada ya saa 72 dawa hizo hazianzishwi. Zinamezwa siku 28. Homa ya ini aina ya B nayo ina chanjo, dozi tatu, na mtu wa usafi anastahili kuipata kama nesi. Gharama haziwi zake. Ajali za kazini ni mambo ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na mchango wake unalipwa na mwajiri bila mfanyakazi kukatwa. Kama unapeleka NSSF, huenda na huo unaupeleka wewe, au unatakiwa kuupeleka.

Kwa hiyo swali lake halisi si la pesa. Ni hili: saa nane usiku, sindano imepenya glavu, namwamsha nani? Dawa ziko hapa au kwenye CTC, kliniki ya huduma za VVU, ya jirani, na ni ipi? Nauli anatoa nani? Hayo unaweza kuyauliza kesho kwa tabibu wa zamu, ukaandika kwenye karatasi, ukabandika stoo juu ya ndoo za usafi. Huhitaji ruhusa ya mtu kumwambia mwenzako mahali dawa zilipo.

Na haya maswali yanayokutetemesha. Nadhani yanakutetemesha kwa sababu umegundua hukuwa unajua, na hilo ni jambo zuri japo halipendezi. Baada ya yule dereva wangu nilinunua daftari la shilingi chache. Mtu akija na swali naliandika mbele yake, tarehe, jina, swali lenyewe kwa maneno yake. Namwambia, "Sijui, njoo Alhamisi." Mwanzoni niliona haya. Nilidhani watasema katibu gani huyu hajui kitu. Hakuna aliyesema. Walikuwa wanakuja Alhamisi. Jibu nikilipata naliandika chini yake pamoja na mahali nilipolitoa, kifungu cha sheria, kitabu cha sera, au "Mganga Mfawidhi ameamua hivi". Hilo la mwisho lilinisaidia kuliko yote. Uamuzi wa mkubwa ulikaa kwenye jina la mkubwa, na yeye alipojua jina lake linaandikwa, alianza kufikiri mara mbili kabla ya kunijibu.

Wewe pia una swali la kuandika humo. Umesema hujaenda likizo tangu mwaka juzi. Siku 28 kwa mwaka, na wewe ni mfanyakazi kama wao. Nani anayajibu maswali yako? Mkataba wako uliuandika mwenyewe ukauweka wapi? Nakuuliza kwa sababu mtu ambaye hajawahi kudai chake mara nyingi hashtuki sana mwingine anaponyimwa. Labda siku ile S alipoingia, ulimjibu kama ulivyojizoeza kujijibu mwenyewe.

Sikwambii uanze na S au uanze na Dokta. Ukishazungumza na mmoja wao, au ukiamua kutozungumza na yeyote, niandikie bado. Ila yule mama wa usafi, akiingia zamu kesho asubuhi kabla hajavaa glavu, mwite, mwambie swali lake unalo, na umwonyeshe mlango wa kugonga.

Mama Mshauri